Goti la Nahodha

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko Kirumba, hatua chache kutoka geti la uwanja, na upepo ukitokea ziwani unaniletea harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni mpaka ndani ya kopo la gundi. Wageni huziba pua. Sisi tulishasahau kwamba kuna harufu.

Nimekaa pale zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo wachezaji wa timu yetu wameniletea njumu zao. Nimewahi kushona za vijana waliokuwa wanatoka kubeba mizigo bandarini ndipo waje mazoezini, na nimeshona za hawa wa leo wanaoshuka kwenye basi na vitu masikioni, ukiwasalimia hawasikii. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, kwenye soli hawezi. Winga huisha kwenye vidole. Kipa hula upande wa mguu anaorukia. Kiungo mvivu viatu vyake havichakai kabisa, na mmoja niliwahi kumwambia hivyo mbele ya watu, akahama fundi. Sina ulimi wa kubembeleza. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa na hasira za mtu aliyeamshwa usingizini, na mke wangu hajawahi kulipinga hilo.

Mbele ya kibanda nimeweka benchi la mbao. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri, lakini wateja walishalisahau, limekuwa la wapenzi wa timu. Wa kudumu ni wawili: dalali wa samaki anayemaliza kazi yake Mwaloni asubuhi mapema na hana pengine pa kupeleka sauti yake siku nzima, na mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye husema mara moja, akasikilizwa, akanyamaza. Wengine huja na kuondoka kufuatana na matokeo. Tukishinda benchi halitoshi.

Msimu uliopita benchi lilitosha sana. Timu ilianza kuboronga tangu mwanzo, na kufikia katikati ya msimu tulikuwa wa pili kutoka mkiani, tunanusa daraja la chini. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Dalali alisema tatizo ni kocha, akatimuliwa. Akaja mwingine, dalali akasema huyu ndiye tatizo hasa, naye akatimuliwa. Mwalimu alisema tatizo ni usajili: tumechukua washambuliaji wanne wafupi halafu tunapiga krosi za juu, hata mtoto wa darasa la pili ataona kuwa hesabu hiyo haitoki. Mimi nilisema tatizo ni uongozi. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, mwenyekiti alituletea mshambuliaji kutoka nje ya nchi, akapokelewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta. Baada ya mechi tano aliniletea njumu nimkazie uzi. Soli zilikuwa kama zimetoka dukani jana. Nikajua tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kitu kimoja benchi halikuwahi kukubaliana juu yake wala kukiacha, nacho ni nahodha. Alikuwa beki wa kati, Msukuma wa Sengerema, mrefu, mwenye mwendo wa taratibu kama mtu anayekagua shamba lake. Kwa karatasi alikuwa na miaka thelathini na nne. Kwa hesabu za benchi alikuwa na thelathini na saba, na dalali alikuwa tayari kuapa kwa arobaini. Dalali alitaka atolewe, ameisha. Mwalimu alisema ukimtoa huyo, nyuma hakuna wa kuwapanga wenzake. Mimi niliwasikiliza huku nikipiga nyundo, na nilikuwa na sababu zangu za kutosema sana.

Sababu ya kwanza ni kwamba alikuwa mtani wangu. Kwa upande wa baba mimi ni Mzaramo, ingawa Uzaramoni nimefika mara mbili tu, zote kwa misiba. Babu yangu alikuja huku na kazi ya reli, akaoa, akazeeka, akazikwa Igogo, nasi tukabaki. Lakini utani wa Wazaramo na Wasukuma hauulizi ulizaliwa wapi. Siku ya kwanza nahodha aliponiletea kiatu aliniuliza asili yangu. Nilipomwambia, alivuta kigoda changu mwenyewe, akakikalia, akaniagiza nimtengenezee haraka na bila ubishi, kwa kuwa Wazaramo wote ni wajukuu wa watu waliolelewa na babu yake. Nikamwambia babu yake alikuwa anatafuta ng'ombe aliyepotea, akatembea mpaka akajikuta pwani, tukamwonea huruma tukampa nazi. Tangu siku hiyo, miaka saba, hatukuwahi kuongea dakika mbili kwa adabu. Nilipofiwa na mama, yeye ndiye aliyelala kaburini kabla ya maiti kuingizwa, akasema hatoki mpaka alipwe kuku, na mimi niliyekuwa nalia nikacheka nikiwa na machozi.

Sababu ya pili ilikuja mchana mmoja benchi likiwa tupu. Alifika bila kunitupia neno, akakaa, akatoa kiatu cha mguu wa kushoto kwenye mfuko wa plastiki. Nikakigeuza. Soli ilikuwa imelika upande wa nje peke yake, upande wa ndani mzima. Mguu ulikuwa unakwepa kitu.

"Goti?" nikamuuliza.

"Goti. Mtani, hili libaki hapa hapa. Daktari wa timu hajui. Niwekee kitu ndani, kisigino kiinuke kidogo."

Akaniambia na kilichokuwa kinamsumbua. Mkataba wake ulikuwa unaisha na msimu. Alikuwa anajenga nyumba ya mama yake kule Sengerema, imefika kwenye lenta, bado paa. Alitaka mwaka mmoja tu wa nyongeza, aezeke, ndipo aache mpira kwa hiari yake na si kwa kutupwa. Nilikata kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikakipunguza kwa kisu mpaka kikawa chembamba upande mmoja, nikakigundisha chini ya soli ya ndani. Akavaa, akatembea hadi getini na kurudi, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia lililosemwa pale limebaki pale.

Alicheza mechi nne zilizofuata kama kijana. Benchi lilishangaa. Dalali alisema ameenda kwa mganga, mimi nikainamia kazi yangu. Nakiri nilijivuna, kimya kimya, kama ni mimi niliyekuwa nikiruka vichwa vile.

Zikiwa zimebaki mechi sita, mwenyekiti aliitisha mkutano wa wanachama na wapenzi katika ukumbi wa shule moja ya msingi. Alisema anataka maoni ya wadau: nani abaki, nani apumzishwe, tuokoe timu. Sisi wa benchi tulijua anatafuta mtu wa kumbebesha lawama, tukaamua hatutamwachia nafasi. Tukakubaliana mimi ndiye nitakayesema, maana siogopi mtu, hasa nikiwa nimekasirika. Mwalimu akaniandikia hoja tatu kwenye karatasi ya daftari: makocha watatu ndani ya msimu mmoja, usajili unaofanywa bila kocha kuulizwa, wachezaji kusafirishwa usiku kucha kwa basi na kuingia uwanjani kesho yake. Hoja nzuri, fupi, hazina tusi. Nikaziweka kwenye mfuko wa shati.

Ukumbi ulijaa. Wachezaji walikaa mstari wa mbele, nahodha akiwa wa kwanza karibu na meza kuu. Nilipoitwa, nikasimama, nikatoa karatasi yangu, nikavaa miwani. Kabla sijafungua mdomo, nahodha akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mwenyekiti, mpeni kiti huyo mtani wangu. Mzaramo akisimama muda mrefu anasinzia."

Watu wakacheka. Mtani akikutupia, unamrudishia, ukinyamaza umeshindwa. Nilikuwa nimeshapandisha hasira, nimejaa maneno ya kumwambia mwenyekiti, na yote yakageuza njia.

"Msimsikilize huyu mchunga ng'ombe," nikasema. "Mwili wote huo mnaouona umesimama juu ya kipande cha ngozi nilichokata mimi. Goti lake la kushoto lilishakufa, tunasubiri kuzika tu. Mrudisheni kwao akachunge."

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga madawati, dalali akakaribia kuanguka. Nahodha naye alicheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Ila nikaona mkono wake umeshuka taratibu ukalifunika goti la kushoto, kama mtu anayejifunika mlango ukifunguliwa ghafla. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Nikasoma hoja zangu tatu. Hakuna aliyezisikia, hata mimi mwenyewe sikuzisikia. Mwenyekiti alikuwa amemwinamia katibu, na katibu alikuwa anaandika.

Mwisho wa mkutano yalisomwa maazimio. La nne lilisema kwamba, kufuatana na maelezo ya fundi wa viatu wa timu, nahodha ana jeraha la goti ambalo hakulitolea taarifa, na kwa hiyo apumzishwe hadi mwisho wa msimu. Fundi wa viatu wa timu. Miaka ishirini hawakuwahi kuniita hivyo. Mwenyekiti akamuuliza nahodha kama ana la kusema. Sasa aseme nini? Akikasirika, ameshindwa utani mbele ya umati. Akikana, anadanganya, na mimi niliyekishika kiatu chake nimesimama pale. Akainuka, akasema, "Mtani wangu ameshasema," akakaa. Watu wakacheka tena.

Ulimi hauna mfupa, wanasema watu, na husema hivyo kwa kujisamehe. Mimi sikuona cha kujisamehea. Nilirudi nyumbani Igogo kwa miguu, sikula, na mke wangu aliponiuliza mkutano ulikuwaje nikamfokea, jambo ambalo halikustahili hata kidogo.

Mechi mbili za kwanza bila yeye tulifungwa, zote kwa mipira ya vichwa. Benchi likageuka kama upepo. Dalali, aliyetaka mzee atolewe tangu msimu haujaanza, alikaa akanitazama, akauliza ni nani hasa aliyetuondolea ukuta wetu. Kilichoniuma zaidi hakikuwa maneno yake. Wachezaji walianza kupita mbele ya kibanda wakiwa wamening'iniza njumu begani, wananisalimia vizuri, wanaendelea mpaka kwa fundi mwingine wa kule barabarani. Hakuna aliyenitukana. Walipita tu.

Nikamchukua mwalimu twende kwa mwenyekiti, dukani kwake mjini. Alitupokea vizuri, akaagiza soda. Nikamweleza kwamba maneno yale yalikuwa utani, na utani hauwekwi kwenye muhtasari wa mkutano. Ungekuwa unawekwa, nusu ya Wasukuma wa mji huu wangekuwa jela.

"Fundi, utani naujua," akasema. "Mke wangu ni Msukuma, mashemeji zangu wananitania mpaka nakosa pa kukaa."

"Basi lifute lile azimio."

"Nitalifuta leo hii. Nijibu swali moja tu. Goti lake ni zima?"

Nikaitazama soda. Mwalimu akanitazama mimi. Kama ningesema ni zima, ningekuwa mwongo, na mwenyekiti angemwita daktari siku hiyo hiyo. Kama ningesema ni bovu, ningekuwa nimemuuza mara ya pili, safari hii bila kicheko cha kunifunika. Nikaisogeza soda pembeni bila kuinywa. Akaniambia kwa upole kwamba anashukuru kwa uaminifu wangu. Nilimkasirikia mtu yule, na mpaka leo namkasirikia, maana yeye aliyebadilisha makocha watatu alikuwa anatafuta pa kutundika msimu wake. Lakini msumari nilimpigilia mimi.

Mwalimu alitembea nami mpaka karibu na uwanja. Kisha akasema, "Utani ungeishia kwenye kuchunga ng'ombe ungetosha." Akaenda zake.

Timu haikushuka. Tulitoka sare mbili, tukashinda moja kwa penalti ambayo sisi wenyewe tuliionea aibu, na siku ya mwisho pale Kirumba tukapata sare tuliyoihitaji. Watu waliingia uwanjani, wengine wakakimbilia ziwani na nguo zao. Jioni benchi lilijaa, na dalali akasimama mbele ya kibanda changu akatangaza kwamba kama si fundi kusema ukweli, yule mzee angetuzamisha. Wakashangilia. Wakaniletea kahawa. Kwenye redio mwenyekiti alimshukuru kila mdau aliyeweka timu mbele ya urafiki. Sijui kama nahodha angetuzamisha au angetuokoa mapema. Soli haisemi mambo ya aina hiyo. Ninachojua ni kwamba nilinyweshwa kahawa kwa kumsaliti mtu, na niliinywa, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuimwaga.

Mkataba wake haukuongezwa. Nikasikia amerudi Sengerema.

Nilikaa wiki tatu nikijishauri, ndipo nikapanda kivuko asubuhi. Nilijipa moyo kwa sababu mambo haya yana utaratibu wake. Mtani akizidisha, anakwenda mwenyewe, analipa faini, anakaa chini anatukanwa mpaka aliyeumizwa ashibe, kisha mnacheka mnakula. Sokoni Sengerema nikanunua jogoo mkubwa mwekundu, mkali, aliyenidonoa mkono njia nzima. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno. Nilitaka aniite mwizi, mmbea, mla nazi, chochote atakacho, na mimi niinamishe kichwa.

Nyumba niliijua bila kuulizia. Kuta zilikuwa zimesimama, tofali nzuri za kuchoma, na juu hakuna kitu. Ndani ya chumba kimoja mahindi machanga yalikuwa yameota. Mama yake alikuwa uani kwenye nyumba ya zamani, anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, kwenye mkeka. Akaniamkia "mwangaluka", nikaitika kwa Kisukuma changu kibovu, akacheka. Akamwita mwanawe.

Alitoka nyuma ya nyumba na jembe, akaliegemeza ukutani, akapangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa anachechemea waziwazi, hafichi tena. Akaja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuwahi kunipa shikamoo hata siku moja. Umri wangu ulikuwa unamruhusu kunipa, utani ulikuwa unamkataza. Nilisimama na jogoo wangu mkononi, nikasubiri kidogo, nikidhani ndiyo namna yake mpya ya kuanza kunikejeli. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Mwishowe nikaitika.

"Marahaba."

"Karibu sana, mzee. Karibu ukae."

Nikamwambia nimeleta faini. Nikamwambia mdomo uliokosa uko hapa, na mwenye mdomo yuko hapa, atukane mpaka jua lizame. Akampokea jogoo kwa mikono miwili, akampa mama yake, akasema, "Asante sana. Umejisumbua, mzee wangu." Nikajaribu kumchokoza. Nikamwambia hilo jembe alivyolishika, ng'ombe wote wa Sengerema wanamcheka. Mama yake alicheka. Yeye alitabasamu, kama unavyomtabasamia mgeni aliyetoka mbali, akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Walinichinjia kuku wao, hawakumgusa wangu. Alinimwagia maji mikononi yeye mwenyewe. Tulikula ugali, akaniuliza habari za mke wangu, za kazi, akasema amefurahi timu imebaki. Nilipoona chakula kinaisha na hajanitukana, nikamwomba radhi bila mchezo, kwa maneno ya kawaida, kama mtu anavyoomba. Nikasema nilikosea.

Akasogeza sahani pembeni.

"Mzee, utani haukuniudhi," akasema. "Mtani aseme lolote analoliona, ni haki yake, na mimi ningesema. Lakini lile goti mtani hakuliona. Lile nilimwonyesha fundi."

Hakuipandisha sauti. Alikuwa ananieleza tu, kama unavyomweleza mtu njia. Nikasema ni kweli. Akasema yameisha, na naamini kwake yalikuwa yameisha. Akainuka akamsaidia mama yake kugeuza michembe.

Alasiri alinisindikiza mpaka barabarani. Alinibebea mfuko wangu, ingawa haukuwa na kitu zaidi ya koti, na alitembea nyuma yangu kidogo, kwa heshima, licha ya goti lile. Gari la kwenda kivukoni lilipofika alinifungulia mlango. Nilipokwisha kukaa nikatoa kichwa dirishani, nikamwambia, "Haya, mchunga ng'ombe, usipotee njia ya kurudi kwenu."

"Sawa, mzee," akasema. "Ufike salama."